Uchambuzi wa kisa: miparachichi 60, washauri watano, na mizizi ambayo hakuna aliyeifukua

Shamba lenyewe ni dogo. Ni miparachichi 60 aina ya Hass, ya kubebeshwa, iliyopandwa kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 katika mistari sita ya miti kumi kumi, jumla kama robo tatu ya ekari. Mistari minne ya juu iko kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Miwili ya chini imeangukia kwenye udongo mzito, na mvua kubwa ikinyesha maji hutuama pale mpaka kesho yake. Miti inaingia mwaka wa tano, yaani ndiyo kwanza imeanza kurudisha gharama za mwenye shamba.

Mvua zilipokolea, miti tisa ya mstari wa chini kabisa ilianza kubadilika. Majani mapya yalitoka madogo, kijani chake kimefifia kikielekea njano. Jua la mchana likiwaka, majani yalilegea na kuning'inia kama ya mti wenye kiu, ilhali ukisimama chini yake viatu vinazama kwenye tope. Matunda yalikuwa mengi ila madogo. Wiki nane baadaye, miti tisa ilikuwa imefika 23.

Katika wiki hizo nane mwenye shamba alihangaika kweli. Alimuuliza jirani, alikwenda duka la pembejeo, alisikiliza kipindi cha kilimo redioni, alituma picha kwenye kundi la WhatsApp, na mwisho alimwita afisa ugani. Kila alipouliza alijibiwa, na kila alichoambiwa alikifanya. Miti iliendelea kufa. Hapo ndipo penye somo la kisa hiki kwa yeyote anayelima matunda au anayewashauri wanaolima. Kisa kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia sana katika mashamba madogo, na hesabu za miti na wiki zimewekwa ili mtiririko ufuatike. Maelezo ya ugonjwa, vipimo na tiba ni yale yanayotumika shambani.

Majibu yalivyokuja

Jirani ndiye aliyeulizwa kwanza, kama ilivyo kawaida. Yeye ni mkulima hodari wa migomba na mboga. Akaangalia majani akasema mti una njaa. Mwenye shamba akaweka madebe mawili ya samadi mbichi ya kuku kwa kila mti, akairundika kuzunguka shina. Kwa mgomba ulaji mkubwa kama huo si ajabu, kwa hiyo jirani alisema kweli kuhusu zao analolijua. Lakini samadi mbichi ya kuku hutoa amonia inayounguza mizizi midogo, na rundo linalogusa shina hubakiza unyevu kwenye gome. Mti uliokuwa umepungukiwa mizizi ukapoteza na ile michache iliyobaki.

Wiki ya tatu, duka la pembejeo. Mkulima alipeleka jani moja la njano ndani ya mfuko. Muuzaji akampa dawa ya ukungu yenye shaba pamoja na mbolea ya kupuliza majanini. Ni rahisi kumlaumu kwamba alitaka kuuza tu, lakini tujiweke nafasi yake: aliletewa jani, akajibu jani. Shaba hukaa juu ya jani inapopulizwa, haishuki kwenda kwenye mizizi. Ingekuwa tatizo ni madoa ya majani, dawa ile ingefaa.

Wiki ya tano redio ilizungumzia umuhimu wa maji wakati mti umebeba. Ushauri ni sahihi kabisa kwa miti iliyo kwenye ukame. Mkulima, ambaye kila siku anaona majani yake yakining'inia mchana, aliusikia kana kwamba unamhusu yeye. Akaanza kumwagilia mistari miwili ya chini siku ambazo mvua haikunyesha. Katika hatua zote alizochukua, hii ndiyo iliyodhuru zaidi, na sababu tutaiona.

Wiki ya sita, kundi la WhatsApp. Picha moja ya jani, imepigwa jioni, na maneno "Jamani parachichi zangu zina tatizo gani?" Ndani ya saa moja yakaja majibu kumi na moja: upungufu wa chuma, upungufu wa zinki, utitiri, ukungu, kemikali ya magugu iliyopeperushwa, na mengine ya namna hiyo. Katikati ya majibu hayo mtu mmoja aliandika maneno mawili: "Mizizi ikoje?" Hakuna aliyemjibu. Ujumbe wake ukafunikwa na tangazo la miche.

Wiki ya nane afisa ugani alifika. Ana vijiji vingi na muda mchache. Alisimama upande wa juu wa shamba, ambako ndiko njia inapopita, akaona miti mingi ni mizuri, akashauri udongo upimwe rutuba, akaacha kipeperushi kinachoeleza nafasi za kupanda na kupogoa. Kipeperushi kilikuwa kizuri. Kingemfaa sana mkulima huyu miaka mitano nyuma.

Jembe lilipoingia

Mambo yalibadilika katika kliniki ya mimea. Huduma hii ilianza Bolivia mwaka 2003 na ikaenea nchi nyingi kupitia mpango wa Plantwise wa CABI, shirika la kimataifa la kilimo, uliozinduliwa mwaka 2011: meza inawekwa mahali watu wanapokutana, mkulima analeta mmea unaoumwa, na mtaalamu anaandika dalili na ushauri kwenye fomu. Mkulima alileta tawi. Mtaalamu hakuliangalia sana. Aliuliza mambo matatu: miti inayoumwa imesimama wapi shambani, udongo chini yake umekauka au umelowa wakati majani yananyauka, na mizizi inafananaje. La kwanza na la pili lilijibiwa. La tatu halikuwa na jibu, basi wakapanga kwenda shambani.

Kazi yenyewe huchukua dakika kumi kwa mti, na kila mkulima wa parachichi anaweza kuifanya. Unakwenda ukingoni mwa kivuli cha mti, pale matone ya mvua yanapodondokea kutoka kwenye majani ya pembeni. Unaondoa majani makavu kwa mkono. Unafukua polepole mpaka sentimita 15 kwenda chini, kwa sababu mizizi inayolisha mparachichi iko karibu sana na uso wa ardhi, na mingi ya mizizi hiyo haina vinyweleo kama vya mimea mingine. Ikifa, mti hauna njia nyingine ya kunywa. Unainua bonge la udongo na kulisambaratisha kwa vidole. Kwanza fanya hivyo kwenye mti mzima, ili jicho lijue uzima unavyofanana.

Chini ya mti wa mstari wa pili kutoka juu, mizizi ilikuwa mingi kama wavu, rangi ya maziwa, myembamba kuliko njiti ya kiberiti, na ukiukunja mmoja unapinda bila kukatika. Chini ya mti wa mstari wa mwisho, mpaka wafukue mashimo matatu ndipo wakapata mizizi midogo ya kutosha kiganja. Ilikuwa myeusi. Ukiubana mzizi kwa kidole gumba na kuuvuta, ganda la nje linachomoka kama soksi na kubakiza uzi katikati. Ile minene ya ukubwa wa penseli kwenda juu ilikuwa bado mizima, na hiyo nayo ni alama, kwa kuwa ugonjwa unaoshukiwa hapa hula zaidi ile midogo.

Ugonjwa huo ni kuoza kwa mizizi kunakoletwa na *Phytophthora cinnamomi*, kimelea kilichoelezwa mara ya kwanza mwaka 1922 kwenye midalasini ya Sumatra, ndiyo maana kikabeba jina la mdalasini. Kinafanana na ukungu kwa sura lakini ni wa jamii nyingine, jamii ya viumbe wa majini. Udongo ukishiba maji hutoa chembe ndogo zenye mikia ambazo zinaogelea kufuata harufu ya mizizi. Hapo ndipo ushauri wa kumwagilia ulipogeuka sumu: kila ndoo ya maji ilikuwa inazifungulia njia chembe hizo. Na ndiyo maana miti tisa ya chini ilitangulia, kisha ugonjwa ukafuata maji.

Hata hivyo mizizi myeusi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Mizizi iliyokosa hewa kwa sababu ya maji kutuama hufa na kuwa myeusi pia, bila kimelea chochote. Ipo njia ya kutega kimelea kwa kutumia tunda: weka udongo na mizizi michache kwenye chombo, mimina maji yapande juu ya udongo sentimita chache, kisha simamisha tunda gumu bichi la parachichi au peasi, nusu ndani ya maji nusu nje. Baada ya siku tatu hadi tano, madoa magumu ya kahawia kwenye mstari wa maji yanaongeza shaka. Uthibitisho kamili hutoka maabara, kwa kuwa wapo ndugu wa kimelea hiki wanaotoa madoa yanayokaribiana. Bahati nzuri, hatua za mwanzo ni zile zile ukiwa na ugonjwa au ukiwa na maji tu: ondoa maji. Mkulima hahitaji kusubiri jibu la maabara ndipo achimbe mtaro.

Kwa nini majibu matano yalikosea pamoja

Ukiyapanga majibu yale matano, utaona yote yalijibu swali moja: "Jani hili lina nini?" Swali hilo ndilo lililobebwa kutoka shambani. Jani ni jepesi, linaingia mfukoni, linapigika picha. Mizizi inataka jembe. Kwa hiyo taarifa zote zilizunguka juu ya ardhi huku mgonjwa yuko chini.

Lipo jambo la pili ambalo kwangu ni zito zaidi. Kila mshauri aliombwa kitu asichokuwa nacho, yaani utambuzi wa ugonjwa, na hakuna aliyeombwa kile alichokuwa nacho kweli. Yule jirani alizaliwa pale pale. Alikuwa anajua kwamba kwenye sehemu ile ya chini kulikuwa na miparachichi ya zamani sita, na kwamba ilikufa mmoja mmoja kuanzia juu ya matawi. Habari hiyo moja ilitosha kumtia mtu yeyote shaka na ardhi ile, kwani kimelea hiki huacha chembe zenye ganda zinazokaa udongoni miaka mingi. Jirani hakuificha. Hakuulizwa. Aliulizwa kuhusu majani, akasema alichodhani kuhusu majani.

Muuza pembejeo anajua dawa gani imesajiliwa kwa parachichi, kiasi chake, siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Angekuwa wa msaada mkubwa baada ya utambuzi. Redio inajua majira: mvua zinaanza lini, wadudu gani wanaibuka mwezi gani, haiwezi kujua shamba lako lina mteremko. Kundi la WhatsApp lina watu mia mbili wenye macho tofauti, na nguvu yake iko katika maswali wanayoweza kukurudishia. Mwenye kitalu anajua udongo uliojaza viriba vyake umetoka wapi na mbegu zilitibiwa au la. Mnunuzi anajua matunda ya shamba gani yamekuwa yakipungua ukubwa msimu hadi msimu. Afisa ugani ana elimu ya kuunganisha haya yote, akishuka mpaka mstari wa chini.

Huu ndio ubaya wa kuhesabu taarifa kwa idadi ya vyanzo. Mtu mwenye vyanzo vitano vinavyojibu swali moja lililoelekezwa vibaya yuko pabaya kuliko mwenye kimoja, maana majibu matano yanamtia moyo wa kutumia fedha.

Na kwa miti ya matunda hasara inaumiza zaidi kuliko kwa mazao ya msimu. Mkulima wa mahindi akikosea mbegu, msimu ujao anabadilisha. Mwenye mparachichi hufanya maamuzi makubwa mara moja: wapi pa kupanda, mche gani, shimo la namna gani. Baada ya hapo anakaa na matokeo kwa miaka ishirini au zaidi. Ushauri mwingi humfikia mkulima wakati mti umeshaanza kuzaa au kuumwa, na ni mchache sana unaomfikia wiki ile anaponunua miche. Katika kisa hiki, jaribio la siku mbili lingetosha: chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, yaache yaishe, ujaze tena. Kama kesho yake maji bado yamo, mparachichi hautakiwi pale, au upandwe juu ya tuta la nusu mita na zaidi, pana vya kutosha kwa mizizi ya juu kuenea.

Kilichofanyika shambani

Siku ile ile kumwagilia kulisimama. Samadi iliondolewa kwenye mashina na kutawanywa mbali, pakabaki wazi sentimita 30 kuzunguka kila shina.

Mtaro ulichimbwa juu ya mistari miwili ya chini, ukikata mteremko, kina cha nusu mita, ukapeleka maji pembeni kwenye nyasi. Hili la kuangalia maji yanakoishia lisidharauliwe: mtaro unaomwagia shamba la jirani unamhamishia ugonjwa. Kwa sababu hiyo hiyo ratiba ya kazi iligeuzwa, palizi na uvunaji vikawa vinaanza juu kwenye miti mizima na kumalizia chini, halafu majembe na viatu vinasuguliwa tope lote na kuoshwa kwa dawa ya kuua vimelea kabla ya kurudi juu. Kuosha bila kutoa tope ni kazi bure, dawa haipenyi kwenye bonge la udongo.

Matandazo yaliwekwa: vipande vya matawi, mabua magumu, majani makavu, unene wa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye ile nafasi ya wazi mpaka ukingo wa kivuli. Matandazo magumu yanapooza, wadudu wadogo wasioonekana wanaoyala hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha selulosi, na kuta za kimelea hiki zimejengwa kwa selulosi, tofauti na ukungu wa kawaida. Kwa hiyo wanaokula mabua wanamla na yeye. Maarifa haya yana historia ninayoipenda. Huko Tamborine Mountain, Queensland, Australia, mkulima aitwaye Ashburner alikuwa akitandaza mabaki ya mimea kwa wingi, akipanda mimea ya kufunika udongo, akiongeza chokaa ya dolomaiti na samadi ya kuku, na miti yake ikabaki mizima ingawa kimelea kilikuwemo udongoni. Wanasayansi Broadbent na Baker wakauchunguza udongo huo wa kukandamiza ugonjwa na kuchapisha matokeo yao mwaka 1974. Taarifa ilitoka kwa mkulima ikaenda maabara. Na tazama: samadi ni ile ile ya kuku iliyounguza miti ya kisa chetu. Tofauti ni kwamba kule ilitawanywa na kuliwa na udongo ulio hai, huku ilirundikwa mbichi kwenye shina la mti mgonjwa. Ushauri unaosema "weka samadi" bila kusema kiasi, hali yake na mahali pake ni nusu ya ushauri.

Miti 23 iligawanywa kwa kuangalia majani. Sita ilikuwa imebakiza chini ya theluthi moja ya majani na matawi ya juu yamekauka. Hiyo iling'olewa na mizizi yake ikachomwa. Kumi na saba iliyobaki ilipunguzwa matunda, maana mti wenye mizizi michache hauwezi kulea mzigo ule, na matawi yaliyobaki wazi kwa jua yakapakwa chokaa nyeupe yasiungue.

Kisha ndipo dawa ikaingia: fosfonati ya potasiamu, kwa kudungwa kwenye shina. Sifa yake ni kwamba ikiingia mtini husafiri na chakula, kwa hiyo hushuka mpaka mizizini. Kinatobolewa kijitundu cha milimita 4 hadi 6, kina cha sentimita 3 hivi, kikielekea chini kidogo, na dawa inasukumwa kwa sindano maalumu yenye springi. Kiasi kilichozoeleka Australia ni mililita 15 za dawa ya asilimia 20 kwa kila mita moja ya upana wa kivuli. Kiasi cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye lebo ya dawa iliyosajiliwa ulipo. Wakati una uzito kuliko kiasi. Dunga pale majani mapya yanapokuwa yamekomaa na mti umeanza kupeleka chakula chini kuotesha mizizi. Ukidunga wakati machipukizi ni laini, dawa inavutwa juu na mizizi inakosa. Anayeuza nje ya nchi amuulize mnunuzi wake kwanza kuhusu kiwango cha mabaki ya fosfonati kinachoruhusiwa, kwa kuwa masoko hayalingani. Metalaksili, dawa nyingine, nayo huua kimelea hiki, ila ikirudiwa rudiwa kwenye udongo ule ule vijidudu vya udongoni huzoea kuivunja na nguvu yake huisha mapema.

Mahali pa miti sita hapakupandwa parachichi. Jamii ya michungwa haishambuliwi na kimelea hiki, lakini nayo huchukia maji yaliyotuama, kwa hiyo pale panasubiri mtaro uthibitike kufanya kazi. Siku mparachichi utakaporudi, mche utatoka kitalu ambacho kinaweza kujibu maswali haya bila kubabaika: mbegu zilizamishwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 49 hadi 50 kwa dakika 30? (Moto ukizidi hapo mbegu inakufa, ukipungua kimelea kinabaki.) Udongo wa viriba ulipashwa moto? Viriba vimewekwa juu ya kichanja au vimekaa ardhini ambako maji ya mvua yanapita? Mche wa chini ni wa mbegu yoyote au ni wa aina inayostahimili, kama Dusa iliyotoka Afrika Kusini? Kisha chagua mche mmoja kati ya hiyo unayonunua, uvue kiriba mbele ya muuzaji, uangalie mizizi.

Namna ya kuuliza

Baada ya hapo mkulima alianza daftari. Halina mambo mengi: tarehe ya kupanda, kitalu, mchoro wa mistari yenye namba za miti, mvua kubwa, kila kilichowekwa na kiasi chake. Mchoro ndio wenye thamani kubwa kuliko vyote. Upungufu wa virutubisho kwa kawaida hufuata aina ya udongo na kugusa miti mingi kwa pamoja. Ugonjwa wa mizizi huanzia sehemu moja na kutambaa na maji. Kwenye jani pia ipo tofauti: upungufu wa chuma au zinki huacha mishipa ya majani machanga ikiwa kijani na katikati pakiwa njano, wakati mti wenye mizizi iliyooza hupauka jani zima, majani huwa madogo na machipukizi hukoma. Mnyauko wa vetisilia, unaochanganywa sana na huu, hukausha tawi ghafla huku majani makavu yameng'ang'ania, na ukibandua gome utaona michirizi ya kahawia kwenye ubao.

Picha za kutuma ni nne, zote za mchana: mti mzima kuanzia chini hadi juu, mti huo pamoja na majirani zake, jani changa na kuukuu pande zote mbili, na mizizi iliyooshwa juu ya karatasi nyeupe ikiwa na kalamu kando ya kupimia ukubwa. Sampuli ya maabara ni mizizi midogo pamoja na udongo wake wenye unyevu, kama nusu kilo, kutoka miti miwili mitatu inayoanza kuumwa. Mti uliokwisha kufa haufai, kimelea kimeshapisha vimelea wengine. Funga kwenye mfuko, weka kivulini, usiuweke kwenye friji kwa kuwa baridi hukidhoofisha kimelea na maabara inaweza kukosa kukiona, na ufike ndani ya siku moja au mbili.

Ushauri wowote mpya sasa hujaribiwa kwenye miti mitatu iliyofungwa utepe, na mingine mitatu inayofanana nayo huachwa bila kitu. Mbolea huonekana kwenye majani mapya tu, baada ya wiki kadhaa. Ya zamani hayarudi kijani. Fosfonati huchukua miezi. Mtu anayepuliza Jumatatu na kuhukumu Jumapili atasifia au kulaani kitu ambacho bado hakijafanya kazi. Mashamba darasa, yaliyoanza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yalijengwa juu ya kulinganisha kwa namna hii: wakulima wanakutana shambani, wanahesabu wenyewe, wanajadiliana walichokiona. Kwa miti ya matunda kikundi kinahitaji kukutana kwa miaka, na mkutano mmoja katika ile ya mwanzo uwe wa kufukua mizizi.

Ujumbe ambao ungetosha wiki ya kwanza ungekuwa hivi:

"Habari za kazi, bwana shamba. Nina miparachichi 60 ya Hass, ya kubebeshwa, ina miaka minne na ushee, miche yote ilitoka kitalu kimoja. Tisa ya mstari wa chini, ambako maji hutuama mpaka kesho yake, imepauka majani na inanyauka mchana ingawa udongo umelowa. Mistari minne ya juu ni mizima. Nimeanza kuona wiki iliyopita. Msimu huu sijaweka mbolea wala dawa. Nimefukua sentimita 15: mizizi midogo ya mti mgonjwa ni myeusi na ganda linachomoka, ya mti mzima ni myeupe. Jirani anasema miparachichi sita ya zamani ilikufa hapo hapo. Picha nne nimezituma. Kumwagilia simwagilii. Nianze na nini?"